Kikohozi cha Baba Mkwe

Aida ndiye aliyewaona sisimizi kwanza, na ndiye mtu pekee katika nyumba ile ambaye hakuruhusiwa kuwaona.

Walitoka chini ya ghala la mahindi, wakapita pembeni mwa jiko, wakaelekea nyuma ya ua wa minyaa, pale ambapo baba mkwe wake alisimama kila alfajiri akirudi kutoka zamu, kabla hajaingia ndani kulala. Hawakuwa sisimizi waliopotea njia. Walikwenda kama watu wanaokwenda harusini, tena walioalikwa.

Kwa watu wa milima ya Ileje, mke wa mtoto hamtazami baba mkwe wake. Hali chakula pamoja naye, hataji jina lake, wala haachi sauti yake imfikie. Akisikia anakuja, hukimbia. Akikosa pa kukimbilia, hujifunika na kugeuka. Wachungaji walikuwa wamesema mambo hayo si lazima tena, na watu waliitikia amina, kisha wakarudi nyumbani wakaendelea kukimbia. Basi mtu asiyeweza kutaja jina la mzee, ataanzia wapi kutaja mkojo wake?

Jioni ile, mzee alipokwisha kwenda kazini, Aida alimsubiri mumewe amalize kunawa.

"Watson, kule nyuma ya minyaa kuna sisimizi."

"Sisimizi wako kila mahali."

"Hawa wako mahali pamoja."

"Mahali gani?"

"Pale ambapo mimi siendi."

"Kama huendi, umewaonaje?"

Aida alichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. "Nimewaona wakielekea."

Watson alimega ugali. Alikuwa seremala wa mgodi, mtu wa mchana, mtu wa kupima mara mbili kabla ya kukata. "Labda kuna mtu amemwaga asali," alisema.

"Kuna mtu anaimwaga kila alfajiri."

Tonge likasimama katikati ya sahani na mdomo. Watson alimtazama mkewe, akatazama upande wa minyaa, akalirudisha tonge sahanini. Ndipo akakumbuka mtungi wa maji ambao baba yake aliumaliza peke yake, na suruali iliyokuwa ikifungwa kwa kamba, na kile kidonda cha mguuni, cheche tu ya boila la mvuke kule mgodini, ambacho kilikuwa kimekataa kupona tangu kabla ya Pasaka.

"Kesho nampeleka kwa Danford," alisema. Halafu akaongeza kwa sauti ya chini, "Lakini nitasema sisimizi nimewaona mimi."

*

Danford alikuwa dresa wa mgodi, msaidizi wa daktari, Mnamwanga wa Tunduma, mwenye koti jeupe na hamu kubwa ya kueleza mambo. Aliufungua mlango wa zahanati, akamtazama baba yake Watson, Mzee Anyelwisye, kuanzia kofia hadi kidonda, akampa kichupa.

"Nenda nyuma ujaze, mzee."

"Nijaze nini?"

"Kile ulicho nacho."

Watson alikuwa amemwambia Aida aje, kwa sababu Danford alitaka kumwona mpishi. Aida alikuja. Lakini aliposikia kwamba baba mkwe yuko chumbani, alisimama nje chini ya dirisha, mgongo ukiwa ukutani na kanga kichwani, akitazama miti ya miombo kama mtu anayesubiri miti hiyo iseme.

Ndani, Danford alimimina dawa ya bluu kwenye kioo chembamba, akadondosha matone machache kutoka kwenye kichupa, akakishika kioo juu ya taa ya spiriti. Dawa ikachemka. Ikawa kijani. Ikawa ya njano. Watson alidhani imemaliza, lakini ilikuwa bado safarini. Ikaendelea hadi ikawa nyekundu kama tofali lililotoka tanuruni.

"Naona," alisema Danford.

"Ni nzuri?" aliuliza mzee, maana rangi yenyewe ilikuwa imempendeza.

"Mzee, mkojo wako unaweza kutiwa kwenye uji."

Chini ya dirisha, Aida alijiziba mdomo kwa kanga.

Danford alieleza. Ni ugonjwa wa sukari; mkojo usio na sukari huiacha dawa ikiwa bluu. Sindano iko mjini, tena ni ya wale waliozidiwa. Kwa mtu kama yeye dawa ya kwanza ni sahani. Ugali kidogo, maharage, mboga za majani tele. Viazi vitamu, basi. Ndizi mbivu, basi. Togwa, basi. Miwa, asali, chai ya sukari, basi, basi, basi. Kila "basi" mzee alishusha bega moja, kisha lingine, hadi mabega yakamwishia.

"Kwani mpishi wako nani?"

"Mke wangu," alijibu Watson.

"Mbona haingii?"

Danford alipeleka kichwa dirishani, akaona utosi uliofunikwa. "Mama, ingia ndani."

Utosi ukatikisika: hapana.

"Ana nini, ni kiziwi?"

"Ni mkwe," alisema mzee kwa uchungu, akiwa amegeukia kabati la dawa.

Basi Danford akawa anaeleza huku akienda na kurudi: neno moja kwa mzee aliyetazama kabati, neno moja kwa mwanamke aliyetazama miti, hadi jasho likamtoka. Mwisho akasema, "Na chakula kiwe kwa saa zile zile. Asubuhi, mchana, jioni."

"Asubuhi ipi?" aliuliza mzee.

"Asubuhi ni moja, mzee."

"Kwako. Mimi nachochea boila usiku kucha, asubuhi ndiyo jioni yangu. Wiki nyingine nyapara Rubeni ananiweka zamu ya mchana, jioni inarudi kuwa jioni. Na boila likiharibika ananitoa usingizini, hapo sijui hata kama ni Jumanne."

Danford alikuna kichwa. Hilo halikuwamo katika mafunzo yake. Alifikiri, akapata. "Basi tuseme hivi. Ukiamka, hiyo ndiyo asubuhi yako."

"Kila nikiamka?"

"Kila ukiamka."

"Nimeelewa," alisema mzee, na sauti yake ilikuwa na furaha ambayo Aida, kama angekuwa na akili ya kushuku, angeishuku pale pale.

Danford hakumaliza hapo. Mwisho wa mwezi daktari wa Kizungu anakuja kuwapima watu wote wa boila. Mchocheaji mwenye kioo chekundu hawezi kuachwa karibu na moto. Akizirai, atafia humo. Ataachishwa. "Na kidonda hicho kisipopona," aliongeza, "mguu huo utakuwa wa kukata."

Njiani Watson akasema, "Nyumba ile ni ya watu wa boila, Aida. Si ya maseremala. Baba akiachishwa, sisi sote tunarudi kijijini Isongole."

Isongole alikuwako mama mkwe, ameachiwa kahawa na mashamba, na mdomo usiochoka. Aida alijiona akirudi na mzigo kichwani, na habari zake zimemtangulia: yule aliyempikia mkwewe hadi mguu ukakatwa.

*

Tangu siku hiyo baba mkwe alianza kuamka mara nyingi sana.

Zamani alikuwa akirudi alfajiri na kulala kama gogo hadi jua lipinduke. Sasa alilala kidogo, akaamka, ikawa asubuhi, akadai chakula chake cha asubuhi kwa kugonga ukuta. Akalala tena. Akaamka. Asubuhi nyingine. Siku moja alipata asubuhi tele kabla watu wengine hawajapata adhuhuri. Aida alikuwa anaacha sahani mlangoni na kukimbilia mahindini, anarudi, anakuta sahani tupu, ukuta unagongwa. Alimtuma Watson akamweleze kwamba kujigeuza kitandani si kuamka. Mzee alijibu kwamba hata Danford mwenyewe hakuweka masharti hayo.

Basi Aida akagawa chakula kile kile katika visahani vidogo, na mboga za majani ndizo zikawa nyingi. Mzee akashika kisahani chenye mchicha, akakitazama kama mtu aliyepewa malisho ya mbuzi. Lakini alikula.

Hapo ndipo kikohozi kilipoongezeka.

Kikohozi kilikuwa sheria ya nyumba. Mzee alipotaka kutoka chumbani au kupita uani, alikohoa kwanza, kikohozi kimoja kirefu kama mlango unaohitaji mafuta, ili mkwe wake apate nafasi ya kuondoka. Aida aliacha chochote alichoshika, akaingia mahindini, akachuchumaa hadi asikie mlango umefungwa. Mvua ikinyesha, ilimnyeshea. Alikuwa ameolewa na kikohozi kile, alikizoea kama watu wanavyozoea kengele ya mgodi.

Lakini sasa kilikuwa kikimkuta jikoni tu. Akiwa uani anaanika ulezi, mzee hana kifua. Akienda kisimani, mzee hana kifua. Akitoa viazi motoni na kuweka sufuria chini, kifua kinamkamata mzee vibaya sana.

Alirudi siku moja akakuta kifuniko kimegeuzwa. Siku nyingine akakuta sufuria nusu. Siku ya tatu aliona alama za vidole juu ya kifuniko, nyeusi, zinazong'aa, na hakuna mtu mwingine katika nyumba ile aliyeshika kuni na mafuta ya mitambo. Aida akazificha ndizi kwenye ghala. Zikapatikana. Akaacha kupika viazi kabisa, na siku hiyo hiyo jirani yao Priska, aliyeuza togwa kwenye njia ya mgodini, akamwambia, "Shoga, mkweo siku hizi amekuwa mteja wangu mkuu. Anakunywa amesimama, anafuta sharubu, anaangalia nyuma."

Kioo cha pili kilikuwa chekundu vilevile.

Watson alirudi kutoka zahanati na uso wa mtu aliyesemwa mbele za watu. "Danford ameniuliza mke wangu anampikia nini mzee. Ameuliza mbele ya foleni nzima."

"Mchicha. Maharage. Ugali wa kiganja."

"Sasa viazi vinaisha vipi?"

"Muulize anayekohoa."

"Aida! Unasema baba yangu anaiba viazi? Mzee wa kanisa?"

"Sikusema anaiba. Nimesema anakohoa."

Watson alishika kichwa. Kumwamini mkewe ilikuwa vigumu, na kumwuliza baba yake ilikuwa vigumu zaidi. Na kabla juma halijaisha wachukuzi wa kahawa walipita na salamu kutoka Isongole. Mama mkwe alikuwa amekwisha sikia, Mungu ndiye ajuaye kwa njia gani. "Mwambieni binti yule," salamu zilisema, "nilimwachia mume wangu amlishe. Sikumwachia amsindikize."

Wachukuzi waliitoa salamu hiyo uani, kwa sauti, na wanawake wa nyumba za jirani waliacha kutwanga ili waisikie vizuri. Aida aliwapa wachukuzi maji, akawashukuru, akaingia jikoni akalia kidogo. Lakini moshi ulikuwa mwingi, kwa hiyo hakuna aliyejua.

*

Siku ile mvua ilianza kabla ya chakula cha mchana, mvua ya upande, ile isiyojali kama umesimama chini ya paa. Aida alikuwa amechemsha viazi vichache. Alikuwa na hamu navyo yeye mwenyewe. Mtu hawezi kuishi kwa mchicha wa mgonjwa. Alikuwa ndiyo kwanza ameketi kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua maharage.

Kikohozi kikaja.

Miguu yake ikainuka yenyewe, kama ilivyofundishwa. Ikafika mlangoni. Aliyatazama mahindi: yalikuwa yamelala kwa mvua, na pale anapochuchumaa palikuwa na dimbwi. Akageuka akaitazama sufuria. Kikohozi kikarudi mara ya pili, kifupi, chenye haraka, kikohozi cha mtu ambaye ameshapata harufu.

Aida akairudisha miguu yake ndani. Akasogeza sufuria, akaweka kigoda mbele yake, akaketi na mgongo mlangoni. Akainua ungo, akajifunika nao kichwa na mabega. Maharage yakamwagika yote sakafuni.

Mlango ukafunguka. Mzee Anyelwisye alikuwa ameingia hatua nzima, mkono umekwisha nyooshwa, kabla hajaelewa kwamba kile kitu cha mviringo kilichokaa katikati ya jiko kilikuwa mke wa mwanawe.

"Yesu wangu!" alisema.

Sheria ile haikumfunga mwanamke peke yake. Mzee aliyekutwa chumba kimoja na mkwe wake, tena cha jiko, tena mchana, alikuwa na aibu ya kumtosha hadi kaburini. Alijifunika uso kwa mikono miwili, akarudi kinyumenyume, akakanyaga maharage, akateleza, akakumbatia nguzo, nguzo ikaangusha tenga la kuku. Kuku wakatoka wakipiga kelele, na mzee katikati yao, akakimbia mvuani huku akichechemea, hadi chooni. Ndipo palipokuwa na paa karibu. Akakaa humo hadi mvua ikakatika.

Chini ya ungo, Aida alitetemeka. Kwanza kwa hofu. Baadaye si kwa hofu.

Jioni ile mzee alimwita mwanawe pembeni. Aida alisikia kupitia ukuta wa miti, kwa kuwa ukuta wa miti haujawahi kuzuia neno.

"Mkeo hana adabu."

"Amefanya nini, baba?"

"Amekaa."

"Amekaa wapi?"

"Jikoni."

"Jikoni kwake?"

"Nimekohoa, Watson! Nimekohoa mara mbili, akakaa!"

Ikaja sauti ya seremala, inayopima. "Baba, ulikuwa unatafuta nini jikoni?"

"Moto. Wa kiko changu."

"Baba, wewe ni mchocheaji wa boila. Kule moto umeisha?"

Mzee akakohoa, na safari hii kikohozi kilikuwa cha kweli.

*

Basi Aida akawa ameipata dawa, na haikuwa na gharama wala uchungu, ila kwa aliyepewa. Palipo na kitamu, yeye aliketi. Hakusema neno, hakumtazama mzee, hakuvunja heshima hata chembe: alijifunika na kugeuka kama mkwe mwema anavyopaswa. Ila hakukimbia.

Mzee alikwenda kwa Priska. Priska alimkaribisha kwa kicheko, akamjazia kata. "Togwa ya leo, mzee, imekolea hadi inakaribia kusema." Mzee alipeleka kata mdomoni, na juu ya ukingo wa kata akaona mgongo. Kanga ile, ungo ule.

"Yule ni nani?"

"Yule? Mkweo. Amekuja kunisaidia kupepeta ulezi. Ana moyo, binti yule! Kunywa, mzee, mbona umeshika tu?"

Mzee aliweka kata chini polepole, kama mtu anayeweka yai, akaondoka kwa kupita nyuma ya nyumba.

Ikabaki chai. Jua likizama, kabla ya kuingia zamu ya usiku, watu wa boila walipewa pipa la chai ya maziwa, sukari imetiwa kwa koleo, na kila mtu alichota kikombe chake. Ilikuwa haki yao, na hakuna mtu wa usiku aliyewahi kuiacha haki hiyo. Watson alimwomba Rubeni, nyapara wa zamu, amtengee mzee chai isiyotiwa sukari. Rubeni alicheka. "Mimi nigawe chai kwa mapishi ya kila mtu? Kwani hapa ni hotelini?"

Jioni iliyofuata Aida alijitwika mzigo wa kuni, akapita njia ya boila, akaona amechoka, akautua mzigo karibu na pipa. Akaukalia. Akageuka.

Wachocheaji walikuwa wamepanga foleni, mzee akiwa wa mbele na kikombe chake cha bati. Alipouona mgongo ule alisimama kama aliyekanyaga msumari.

"Songa, mzee, tunachelewa!" alisema Rubeni. "Au unamwogopa mama wa kuni?"

"Yule ni mkwe wangu."

"Basi mkwe wako hakuumi. Chota!"

"Rubeni, usinivunjie heshima."

Foleni ikaanza kucheka. Wengine walikuwa Wanyiha na Wasafwa wenye miko yao wenyewe kuhusu wakwe. Hao walicheka kwa kujificha. Wengine walicheka waziwazi. "Mzee anamchochea shetani wa boila haogopi, anakimbia mgongo!" Mmoja alijitolea kumchotea, na Rubeni akasema hapana, kila mtu achote mwenyewe, ndiyo amri. Kwa hiyo kila mtu alichota, ila mmoja.

Aida alijitwika kuni zake aondoke, kanga imeshuka hadi machoni. Na kwa chini ya kanga, bila kutaka, aliona miguu ya mzee nyuma ya rundo la magogo, mmoja mzima na mmoja umefungwa kitambaa. Kando ya miguu kilikuwa kikombe cha bati, kimepinduliwa. Mzee alikuwa amekaa peke yake, na wenzake wanapuliza chai upande wa pili.

Usiku huo Aida hakulala vizuri. Kesho yake, sahani ya kupeleka kazini ilikuwa na kipande cha nyama ya mbuzi, karanga mbichi za kutafuna usiku, na chupa ya majani ya chai yaliyochemshwa na tangawizi, bila sukari, imefungwa kwa tambara ikae na joto. Hakutuma salamu yoyote. Chupa ilirudi asubuhi tupu, na imeoshwa.

*

Watson aliingia jikoni siku chache baadaye akiwa ameshika tetea miguu, mweupe, mwenye jicho la hasira.

"Huyu ni nani?" aliuliza Aida.

"Ni wako. Baba anakufungulia."

Aida alisimama. Kwao, baba mkwe akimpelekea mke wa mwanawe kuku na yeye akampokea, kukimbia kumekwisha. Anaweza kusimama mbele yake, kumjibu, kumpa maji kwa mkono. Wanawake wengine walisubiri hadi mvi kupata kuku huyo. Aida aliyafikiria mahindi yenye umande, na dimbwi, na ile mvua ya upande. Alinyoosha mkono.

Kisha akaurudisha.

"Amelifikiria jambo hili tangu lini?"

"Tangu juzi," alisema Watson. "Hapana. Tangu siku ile ya chai."

"Na nikimpokea kuku, nikikaa mbele ya sufuria, yeye atakimbia?"

Watson alipima. Akapima mara ya pili. "Hatakimbia," alisema, na tabasamu likaanza kumvuta upande mmoja wa mdomo. "Atakuomba upishe."

Aida alimshika tetea kifuani, akampapasa mbawa. Alikuwa mzuri kweli. "Mwambie nimeshukuru," alisema. "Mwambie sijawahi kuona kuku mzuri hivi. Lakini simpokei leo. Nitampokea siku kioo cha Danford kitakapobaki bluu. Mpaka siku hiyo amtunze mwenyewe."

Ukuta ulipitisha yaliyofuata.

"Amesema hivyo?"

"Ndivyo alivyosema, baba."

"Huyo mwanamke anafanya biashara!"

"Baba, wewe ndiye uliyefungua duka."

Tetea akaishi na mzee. Alilala chini ya kitanda chake mchana, akimwamsha kwa kelele za kutaga, na mzee akawa anamlisha mtama mkononi akimlalamikia. "Wewe ungekuwa umekwisha liwa," Aida alimsikia akisema. "Ungekuwa umepumzika. Sote wawili tungekuwa tumepumzika." Lakini hakukohoa tena bila sababu, na ukuta haukugongwa isipokuwa alipoamka kweli.

*

Siku ya daktari, Aida alisimama chini ya dirisha lile lile, kanga kichwani, akitazama miti ile ile. Ndani kulikuwa na viatu vya Kizungu vikitembea, na pumzi za wachocheaji waliopanga foleni. Watson alikuwa mlangoni, anazungusha kofia.

"Anyelwisye," iliitwa.

Taa ya spiriti ikawashwa. Aida aliisikia dawa ikichemka. Aliwaza nyumba, akawaza mzigo kichwani na njia ndefu ya Isongole, akawaza mguu ule nyuma ya magogo. Akafumba macho, ingawa miti haikuwa na kosa.

"Bluu," alisema Danford.

Mlangoni, Watson aliacha kuzungusha kofia.

"Ina ukijani kidogo hapa pembeni," alisema daktari kwa Kiswahili chake cha kupanda ngazi.

"Huo ni wa kioo," alisema mzee haraka.

Daktari alikiinua juu kwenye mwanga, akauchunguza na mguu pia, ambao kidonda chake kilikuwa kimeanza kufunga kingo. "Nzuri. Huyu abaki. Lakini zamu moja tu. Kubadilisha-badilisha, hapana. Nyapara yuko wapi?"

"Niko, bwana," alisema Rubeni, bila kicheko.

"Umesikia? Na nani anapika kwa huyu mzee?"

"Mkwe wake, bwana," alisema Danford. "Yuko nje pale. Amegeuka."

Viatu vikaja dirishani. "Kwa nini amegeuka?"

Danford, aliyependa sana kueleza mambo, safari hii alitumia maneno machache. "Hiyo ndiyo dawa yenyewe, bwana."

*

Alasiri ile Aida alikuwa peke yake jikoni. Alikuwa amejipikia viazi, vya kusherehekea, ili yeye na Watson wavile mzee akishakwenda kazini. Sufuria ilikuwa kando yake juu ya mafiga, na kifuniko kilikuwa kikigongagonga.

Kikohozi kikaja. Hakikuwa kirefu. Kilikuwa kidogo, kama cha mgeni asiyejua kama amefika nyumba yenyewe.

Miguu ya Aida ikainuka. Akaikalisha chini. Aliweka ungo wa ulezi pembeni, akashusha kanga mabegani, akageuka.

Mzee Anyelwisye alisimama mlangoni, tetea kwapani, akiitazama boriti ya paa kama mtu anayetaka kuinunua. Aida naye alimtupia jicho mara moja, kisha akatazama sakafu. Hakuwa amejua kwamba mzee ana kovu kidevuni, wala kwamba sikio la Watson lilitoka kwake. Mzee aliinama, akamweka tetea chini. Tetea alijikung'uta, akaenda moja kwa moja kwenye ulezi kama mwenye nyumba.

"Aida," mzee aliiambia boriti. Alikuwa hajawahi kulitaja jina hilo.

Aida alipiga magoti.

Ilionekana mzee ana neno kubwa, na kwamba amelibeba kutoka zahanati hadi hapa. Midomo yake ilitafuta mwanzo wake. Kifuniko kikagonga. Harufu ikapanda ikajaza jiko zima, tamu, ya udongo na majivu, na macho ya mzee yakashuka taratibu kutoka kwenye boriti.

"Kuna viazi?"

Aida alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza tangu aolewe, sauti yake ikamfikia baba mkwe wake.

"Hakuna, baba."